Hamburg na Lyon: Ufundi, Cheti na Ofisi ya Ajira

Hamburg na Dar es Salaam ni miji dada tangu mwaka 2010. Mmoja uko kwenye Mto Elbe, kiasi cha kilomita mia moja kutoka Bahari ya Kaskazini, na mwingine uko kwenye Bahari ya Hindi. Yote miwili huishi kwa bandari. Lyon ya Ufaransa haina bahari. Imekaa pale Mto Rhône na Mto Saône inapokutana, na utajiri wake wa zamani ulikuwa hariri. Nimeiweka Hamburg kando ya Lyon kwa sababu ya swali linalozisumbua familia nyingi za kwetu: kijana aliyemaliza shule, asiye na mjomba ofisini, anaifikiaje kazi ya ufundi, na ni nani anayewajibika asipoifikia?

Hamburg hujibu kwa kumkabidhi kijana kwa mwajiri, lakini haimwachii mwajiri peke yake. Uanagenzi wa Kijerumani huchukua miaka miwili hadi mitatu na nusu. Kwa kawaida mwanagenzi hukaa kazini siku tatu au nne za wiki, na siku moja au mbili huwa darasani katika shule ya ufundi ya serikali, iitwayo Berufsschule. Fani zinazotambuliwa kitaifa ni zaidi ya 320. Kuna ufundi umeme, uokaji mikate na utengenezaji wa miwani, na kwa kuwa huu ni mji wa bandari, wapo pia wanaosomea ukarani wa kampuni za meli na upangaji wa mizigo gatini. Kule Finkenwerder, ambako Airbus huunganisha ndege, wanagenzi huvaa ovaroli zilezile wanazovaa mafundi.

Kila kitu huanza na mkataba. Mwajiri na mwanagenzi hutia saini, kisha mkataba husajiliwa kwenye chemba: Chemba ya Biashara, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1665 na jengo lake limegusana mgongo na jumba la serikali ya mji, au Chemba ya Mafundi kwa fani za mikono. Kipindi cha majaribio hakizidi miezi minne. Kikiisha, mwajiri hawezi kumfukuza mwanagenzi bila sababu nzito. Anayefundisha lazima awe amethibitishwa kuwa anafaa kufundisha. Mwanagenzi naye huandika daftari la kazi alizofanya na kujifunza, na mwalimu wake wa kazini hulipitia na kulitia saini. Bila daftari hilo haruhusiwi kuingia kwenye mtihani wa mwisho. Hapo pana ulinzi mkubwa. Aliyefagia karakana mwaka mzima, akatumwa sigara na chai, ana karatasi ya kuonyesha kwamba hakufundishwa.

Posho si kubwa, ila ipo kisheria. Kima cha chini kilianza mwaka 2020, na kwa walioanza uanagenzi mwaka 2025 ni euro 682 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza, kisha hupanda kila mwaka. Mwajiri ndiye anayeilipa, na serikali hubeba gharama za shule. Kwa kweli kampuni zinazopokea wanagenzi ni takriban moja kati ya tano tu katika Ujerumani nzima, nyingine hungoja kuajiri waliofundishwa na wenzao. Hata hivyo hiyo moja ya tano inatosha kuusimamisha mfumo.

Kinachonivutia kuliko yote ni mtihani. Bosi hamtahini mwanagenzi wake. Chemba huunda jopo la watahini lenye wawakilishi wa waajiri, wawakilishi wa wafanyakazi na walimu wa shule za ufundi, watu wanaoifanya kazi hiyo kwa kujitolea. Seremala aliyefuzu Hamburg huaminika München, kwa sababu anayeshika cheti chake anajua kwamba kazi ilikaguliwa na watu wasio na ndugu wala deni kwa aliyefanya mtihani. Ndiyo maana naona cheti hiki kina uzito kuliko mitambo yote iliyomo ndani ya karakana. Mitambo hununuliwa, uaminifu wa aina hii ulijengwa kizazi baada ya kizazi.

Ila mlango wa kuufikia huanza kuchongwa mapema mno. Hamburg huwagawa watoto baada ya darasa la nne, wakiwa na umri wa miaka kumi hivi: wengine huenda Gymnasium, njia iliyonyooka ya chuo kikuu, na wengine huenda shule ya mtaa, ambako chuo kikuu kinawezekana kwa safari ndefu zaidi. Mwaka 2010 serikali ya mji ilitaka watoto wakae pamoja hadi darasa la sita. Julai mwaka huo wapiga kura waliukataa mpango huo katika kura ya maoni. Sioni namna ya kuutetea mgawanyo huu. Mtoto wa miaka kumi hupimwa kwa Kijerumani kinachozungumzwa kwao, na wazazi waliohamia juzi hawana cha kumwongezea.

Pengine ni kwa kujua hasara hiyo kwamba Hamburg ilikuwa ya kwanza nchini kuanzisha, mwaka 2012, shirika liitwalo Jugendberufsagentur, ofisi ya ajira na mafunzo kwa walio chini ya miaka 25. Olaf Scholz, aliyekuja kuwa Kansela, ndiye aliyekuwa meya. Tatizo lilikuwa la kiofisi. Idara ya shule ilimjua kijana hadi siku ya kumaliza; ofisi ya ajira ilimjua akijisajili; ofisi ya misaada ilimjua familia ikiomba msaada; ustawi wa jamii ulimjua akipata matatizo. Katikati ya madawati hayo vijana walipotea, na hakuna aliyeweza kusema wamekwenda wapi. Sasa maofisa wa idara hizo hukaa chini ya paa moja, katika kila moja ya wilaya saba za mji, kuanzia Altona hadi Harburg. Washauri huingia mashuleni kabla ya masomo kuisha. Majina ya wanaomaliza hufuatiliwa, na asiyeonekana hupigiwa simu, huandikiwa barua, hata kugongewa mlango. Asiyepata nafasi baada ya darasa la kumi huingia programu ya maandalizi ambamo hukaa siku tatu za wiki kwenye kampuni na siku mbili shuleni. Wengi huonyesha kwa mikono kile ambacho ripoti ya shule ilikificha.

Kwa watu wazima habari ni fupi. Ofisi ya taifa ya ajira, yenye makao makuu Nürnberg na mizizi katika sheria ya mwaka 1927, huendesha bima ya kukosa kazi. Mchango ni asilimia 2.6 ya mshahara, nusu ya mwajiri na nusu ya mfanyakazi. Aliyechangia miezi 12 ndani ya miezi 30 hulipwa asilimia 60 ya mshahara wake wa mkononi, au 67 akiwa na mtoto. Mwanagenzi naye huchangia, kwa hiyo mwajiri asipombakiza baada ya kufuzu, fao lipo. Asiyekuwa na haki ya bima hupelekwa Jobcenter, na huko taratibu ni kali zaidi na fedha ni za kujikimu tu.

Lyon ina historia tofauti, nayo imejaa ugomvi wa kazi. Juu ya kilima cha Croix-Rousse waliishi wafumaji wa hariri, katika nyumba zenye dari ndefu za kutosha vitanda vya kufumia vya Jacquard. Mwaka 1806 Napoleon aliruhusu mji huo kuanzisha baraza la usuluhishi wa kazi, la kwanza nchini. Mabaraza ya namna hiyo yapo hadi leo, yakiwa na wajumbe nusu wa waajiri na nusu wa wafanyakazi, na mwanagenzi aliyeonewa anaweza kwenda huko. Novemba 1831 wafumaji waliasi kwa sababu wafanyabiashara walikataa kulipa viwango vya bei vilivyokwisha kukubaliwa. Elimu ya ufundi ilikua katika hewa hiyo. Shule ya La Martinière ilitokana na wosia wa Claude Martin, mzaliwa wa Lyon aliyetajirika India akiwa meja jenerali wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki na kufariki Lucknow mwaka 1800. Lucknow na Kolkata nazo zina shule za jina hilohilo, kutokana na wosia uleule. Mwaka 1864 ikaanzishwa jumuiya ya elimu ya ufundi ya Rhône, SEPR, na hadi sasa ni kati ya vituo vikubwa vya wanagenzi mjini: waokaji, wasusi, masonara, mafundi wa magari.

Lakini uti wa mgongo wa uanagenzi wa Ufaransa uko serikalini. Cheti cha msingi, CAP, ni cha taifa, hutolewa chini ya Wizara ya Elimu. Kampuni hulipa kodi ya uanagenzi, asilimia 0.68 ya jumla ya mishahara, na fedha hizo hurudi kwenye vituo vya mafunzo kwa kufuata kila mkataba. Kwa hiyo hata mwajiri asiyepokea mwanagenzi huchangia. Hapo Lyon imeipita Hamburg kwa haki. Posho nayo huhesabiwa kwa kima cha chini cha mshahara: aliye chini ya miaka 18 hupata asilimia 27 katika mwaka wa kwanza, na mwenye miaka 26 au zaidi hupata angalau kima kizima.

Jambo jingine la kusifiwa ni sheria ya mwaka 1987, iliyoruhusu uanagenzi katika ngazi zote za elimu hadi uhandisi. Njia ya mikono haikuwa tena uchochoro usio na upande wa pili. Kisha ikaja sheria ya Septemba 2018, iliyoruhusu vituo vya mafunzo kufunguliwa bila kungoja kibali cha mkoa, na mwaka 2020, katika hofu ya korona, serikali ikaanza kumlipa mwajiri hadi euro 8,000 kwa mwanagenzi mmoja. Mikataba mipya ilipanda kutoka zaidi ya 300,000 mwaka 2018 hadi zaidi ya 800,000 mwaka 2022. Mahakama ya ukaguzi wa hesabu za serikali ilipoichunguza hali hiyo, iliona kwamba ongezeko lilikwenda zaidi kwa wanafunzi wa elimu ya juu, na mfuko wa uanagenzi uliingia katika upungufu. Mwanafunzi wa shahada ya masoko alilipiwa ada kwa fedha ambazo zingemsaidia kijana wa Vénissieux, kitongoji cha Lyon, asiye na cheti chochote. Jambo hili linaniuma, kwa kuwa mfumo ulifunguliwa kwa jina la huyo wa Vénissieux. Februari 2025 ruzuku ilipunguzwa: euro 5,000 kwa kampuni zenye watu chini ya 250, na 2,000 kwa kubwa zaidi.

Ofisi ya ajira ya Ufaransa imebadilishwa jina na sura mara kadhaa. ANPE ya mwaka 1967 iliunganishwa na mfuko wa malipo ikawa Pôle emploi, na tangu Januari 2024 inaitwa France Travail. Aliyefanya kazi miezi sita ndani ya miezi 24 anaweza kupata fao. Wanaopokea msaada wa kujikimu nao sasa huandikishwa humo, wakiwa na mkataba wa shughuli zisizopungua saa 15 kwa wiki, isipokuwa wenye sababu maalumu. Wasiwasi wangu ni kwamba saa hizo zitahesabiwa bila kuulizwa zimemfikisha mtu wapi.

Vijana wa miaka 16 hadi 25 wana mlango wao, Mission locale, uliotokana na ripoti ya Bertrand Schwartz ya mwaka 1981. Mshauri hapo huuliza kuhusu kazi, na pia kuhusu malazi, afya na nauli ya basi, kwa sababu Schwartz alielewa kwamba kijana asiye na pa kulala hawezi kuwahi zamu ya saa kumi alfajiri kwenye tanuri la mikate. Msaada wa taifa wa kujikimu kwa kawaida huanzia miaka 25. Metropoli ya Lyon iliona pengo hilo na mwaka 2021 ikaanzisha posho yake yenyewe kwa wenye miaka 18 hadi 24, hadi euro 400 kwa mwezi. Hamburg huwatafuta vijana kwa mpangilio bora zaidi. Lyon huwauliza maswali ya kiutu zaidi.

Miji yote miwili bado hupokea mafundi wasafiri. Ujerumani wapo waliofuzu wanaotembea miaka mitatu na siku moja, kwa suti nyeusi za kodrai, kofia pana na fimbo, bila kukaribia kwao ndani ya kilomita 50. Ufaransa ni akina Compagnons, wenye nyumba yao Lyon, wanaohama mji hadi mji wakijifunza; desturi yao iliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2010.

Na aliyejifunza kazi bila shule? Swali hili linawahusu mafundi wetu wa Gerezani, Dar es Salaam, na Gikomba, Nairobi, walioanza kwa deiwaka na leo wanashusha injini peke yao. Ujerumani humruhusu aliyefanya kazi muda wa mara moja na nusu ya urefu wa uanagenzi wa fani hiyo kuomba kufanya mtihani uleule mbele ya chemba. Ufaransa, kwa sheria ya Januari 2002, humpa mtu haki ya kupata cheti kwa kuthibitisha uzoefu wake mbele ya jopo. Tanzania ina urasimishaji ujuzi wa VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, na VETA imewahi kushirikiana na Chemba ya Mafundi ya Hamburg kujaribu uanagenzi wa darasani na kazini kwa pamoja.

Tangu Kenya na Ujerumani zilipotia saini makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi mjini Berlin, Septemba 2024, madarasa ya Kijerumani yamezidi kutafutwa na vijana wanaotaka kwenda kusomea uuguzi, umeme au uokaji. Viza ya uanagenzi kwa kawaida hudai Kijerumani cha ngazi ya B1, uthibitisho wa fedha za kujikimu pale posho isipotosha, na mkataba wa mafunzo uliokwisha kutiwa saini. Wakala akija na ahadi ya nafasi Hamburg, aulizwe jina la kampuni na mkataba umesajiliwa chemba ipi, kisha chemba yenyewe iandikiwe barua pepe kabla ya shilingi yoyote kulipwa.