Gitaa la Umeme kwa Vipande vya Kuagiza: Kipimo na Istilahi

Gitaa la umeme lina viungo kama mtu: kichwa, shingo na kiwiliwili. Makala haya yanafafanua jinsi viungo hivyo vinavyoweza kuagizwa kimoja kimoja kutoka ng'ambo na kuunganishwa jijini Nakuru, na yanadai kwamba kazi hii aghalabu huharibikia kwenye neno kabla ya kuharibikia kwenye ubao. Fundi aliyeagiza kipande kisichofaa amekwisha kulipa bei, nauli ya ndege, ushuru wa forodha na kodi. Kukirejesha kwa muuzaji ni gharama juu ya gharama.

Uwezekano wenyewe wa kuunganisha vipande si wa kale. Shingo ya gitaa la kawaida, lisilotumia umeme, hugandishwa kwa gundi ikawa kitu kimoja na sanduku lake. Mwaka 1950 Leo Fender, fundi wa redio wa California, alianza kuuza magitaa ya umeme yenye kiwiliwili cha ubao mzima na shingo iliyofungwa kwa skrubu nne. Shingo ikiharibika, hufunguliwa na nyingine kuwekwa. Yamkini hakumwazia seremala wa Bonde la Ufa, lakini ndiye aliyemfungulia mlango.

Tatizo la majina huanzia dukani. Katika maduka ya vifaa vya ujenzi, anayeulizia "nati" hupewa kichuma cha kukazia bolti. Mwanamuziki anayelitumia neno hilo humaanisha kipande chembamba cha mfupa au plastiki kilicho mpakani mwa kichwa na shingo, ambapo nyuzi hupita. "Pikapu" ni balaa zaidi: atakayetangaza kwamba ameagiza pikapu mbili kutoka Japani atapongezwa kwa kununua magari. "Daraja" halina ubishi. Badala ya nati, "kizingiti" lingefaa, kwa kuwa kila uzi hukivuka ukiingia shingoni. Badala ya pikapu, "kinasa sauti" limekwisha kuchukuliwa na mashine ya kurekodia. Tena si sahihi, kwani kifaa hiki hakisikii sauti bali hunasa mtetemo wa chuma. "Kinasamtetemo" ni neno refu lakini linasema kweli, na ndilo litakalotumika hapa. Ama vile vichuma vinavyokatiza shingo, ambavyo wapigaji wengi huviita freti, vinafanana mno na mataruma ya reli, na mji uliokua kandokando ya reli iliyofika mwaka 1900 hauna haja ya kuazima neno jingine.

Wakazi wa Bonde la Ufa si wageni wa kazi hii ya kukipa kitu cha mbali jina la nyumbani. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi huko Kapkatet wasichana wa Kikipsigis waliomwimba Jimmie Rodgers, Mmarekani aliyeimba akijipigia gitaa, kwa jina la Chemirocha. Sauti yake ilikuwa imefika kwa santuri. Jina walilifinyanga wenyewe, likaanza na Che- kama majina mengi ya Kikalenjin.

Kiwiliwili ndicho kiungo kisicho na haja ya kuagizwa. Mgrevilea, mti wa asili ya Australia uliopandwa kwa wingi kuwa kivuli cha chai na kahawa, unapatikana katika mashamba mengi ya eneo hili, na mbao zake zina mabaka yanayometa. Kwa kuwa ni mti wa shambani, haukuguswa na marufuku ya Februari 2018 ya kukata miti katika misitu ya umma, ambayo Rais alitangaza kuiondoa akiwa Molo mnamo Julai 2023. Kinachohitajika ni subira. Kanuni ya zamani ya useremala hudai mwaka mmoja wa kukausha kwa kila inchi ya unene, na kiwiliwili huwa na takriban inchi moja na robo tatu. Asiye na subira atafute meza kuukuu: ubao wake umekwisha kujikunja kadiri ulivyotaka.

Shingo ndiyo ya kuagizwa kwa uangalifu. Mnunuzi anayetaja "urefu wa gitaa" au "urefu wa shingo" bado hajasema kitu. Urefu unaotawala yote ni wa uzi unaotetemeka, kuanzia kizingiti hadi daraja, na heri uitwe urefu wa uzi, basi. Magitaa mengi ya Fender yana milimita 648; ya Gibson takriban 628. Mataruma hupangwa kwa kanuni moja: urefu uliosalia hugawanywa kwa 17.817, na jibu ndilo umbali wa kufikia taruma linalofuata. Katika uzi wa 648, taruma la kwanza liko milimita 36.4 kutoka kizingitini, na la 12 liko 324, nusu kamili, ambapo noti husikika oktavu moja juu. Shingo ya 628 ikifungwa mahali ambapo daraja liko milimita 648 kutoka kizingitini, taruma la 12 litakuwa 314, na oktavu itakuwa chini kwa karibu robo ya toni. Vikalio vya nyuzi darajani husogea milimita chache tu, havifidii 20. Hakuna msasa wala randa ya kuliponya gitaa hilo.

Vinasamtetemo havina siri kubwa. Ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mara elfu kadhaa. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake, umeme huzaliwa katika waya, kwa sheria aliyoigundua Faraday mwaka 1831. Ndiyo maana uzi wa nailoni hauna faida hapa. Mingiedi Mawangu, mwanzilishi wa kundi la Konono No. 1 la Kinshasa, alijiundia vyake kwa sumaku za vipuri vya magari ili kuivumisha likembe yake. Fundi wa redio wa Nakuru hana sababu ya kuviogopa.

Baada ya kulehemu nyaya, pamoja na ule wa ardhi unaofika darajani (ukisahauliwa, gitaa huvuma), nyuzi hukazwa. Chuma kilichofichwa ndani ya shingo, ambacho kingestahili kuitwa uti, hurekebishwa ukavu wa Januari unapoipisha mvua ya Aprili. Hatimaye kila uzi hubanwa kwenye taruma la 12: noti ikiwa juu mno, kikalio hurudishwa nyuma; ikiwa chini, husogezwa mbele. Cha uzi wa sita, ulio mnene, kwa kawaida huishia nyuma ya vingine vyote.