Blade Runner: juu ya nini Roy Batty ni mtu mwingine ukimtazama mara ya pili

Mwezi wa sita 1982, filme Blade Runner ya mwongozaji Mwingereza Ridley Scott iliingia katika sinema za Marekani na haikuvuta watu wengi. Wiki mbili mbele yake ilikuwa imetoka E.T. ya Steven Spielberg, yenye kiumbe mpole kutoka anga za mbali, na watu walijaa kule. Huku kulikuwa mvua, giza, moshi, polisi mmoja asiyechekacheka na watu wa kutengenezwa wanaouawa barabarani. Wengi walitoka wakisema ule mji unapendeza macho, lakini watu wake hawana moyo.

Miaka kumi na moja kiisha, 1993, filme ile ile iliwekwa kwenye orodha ya filme ambazo Maktaba ya Bunge la Marekani inazihifadhi kama mali ya nchi. Katikati ya tarehe hizo mbili watu waliitazama tena. Waliipata kwenye kasete za video, wakaiona nyumbani, mara ya pili, mara ya tano, na wale watu wasiokuwa na moyo wakaanza kuonekana tofauti. Kuko filme nyingi zinazofanya hivyo, lakini hii inasaidia sana kuelewa namna jambo lenyewe linavyopita.

Hadithi yake, kwa ufupi. Ni Los Angeles, mwezi wa kumi na moja 2019. Filme ilitengenezwa 1982, kwa hiyo 2019 ilikuwa bado mbali sana. Kampuni ya mtu anayeitwa Tyrell inatengeneza watu, wanaitwa replikanti. Wana nguvu na akili, na wanatumwa kufanya kazi za kitumwa kwenye sayari za mbali. Duniani hawana ruhusa ya kukaa. Hawa wa mwisho kutengenezwa wamewekewa maisha ya miaka minne tu, juu kampuni iliogopa kwamba wakiishi zaidi wataanza kuwa na hisia zao wenyewe. Kikundi kimoja kinatoroka na kurudi duniani. Polisi wa zamani, Deckard, ambaye anachezwa na Harrison Ford, anaitwa kuwatafuta na kuwaua. Filme haisemi kuua, inasema kuwaweka pansio.

Mara ya kwanza mtazamaji iko na kazi nyingi. Anatafuta kujua nani ni nani, nani atakufa, kama Deckard atapona, na ile mashine ya kuangalia macho ni ya nini. Kichwa kinafuata njia ya hadithi sawa vile dereva anayepita barabara asiyoijua: anaangalia mashimo, haangalii watu walio pembeni. Mara ya pili mashimo anayajua tayari, na macho yanapata nafasi ya kuinuka.

Leon ni mfano mwepesi. Filme inaanza na yeye amekaa mbele ya polisi anayemuuliza maswali huku mashine inapima jicho lake. Leon anajibu vibaya, anachelewa, anatoa jasho. Anapoulizwa juu ya mama yake, anapiga risasi. Mara ya kwanza unaona jitu jinga na hatari. Ukirudia unajua tayari kwamba mtu huyu hana mama, hakuzaliwa, na ameulizwa swali moja ambalo hawezi kulijibu kabisa. Ni swali ambalo mtu mwingine yeyote angelijibu bila kufikiri. Msomaji ambaye amekwisha kuulizwa maswali huku wanamwangalia usoni, ili ijulikane kama yeye ni wa hapa au si wa hapa, hatahitaji kuelezwa zaidi.

Kiisha kuko zile picha. Leon anahatarisha maisha yake kurudi kwenye chumba cha hoteli juu ya picha za kawaida tu alizozificha. Mara ya kwanza zinaonekana kama ushahidi ambao polisi atautumia, na kweli Deckard anazitumia. Mara ya pili unajiuliza mtu mwenye miaka miwili au mitatu ya maisha anataka nini na picha. Anataka awe na jana. Wanaokimbia vita na kubeba picha moja ya harusi ndani ya mfuko wa plastiki wanafanya kitu hicho hicho.

Rachael ndiye anayebadilika zaidi, na ni vizuri kukaa kwake kidogo. Anachezwa na Sean Young, na watu wengi walimlaumu kwamba anacheza kwa baridi, sawa sanamu. Anaingia katika ofisi kubwa ya Tyrell, nywele zimefungwa juu, nguo nyeusi, hakuna kicheko. Deckard anampima kwa mashine yake, na Tyrell amesimama anaangalia. Kwa kawaida maswali ishirini au thelathini yanatosha kumjua replikanti. Kwa Rachael yalipita mia moja. Yeye mwenyewe anaambiwa atoke nje, na jibu linasemwa nyuma ya mgongo wake: ni replikanti, na hajui. Mara ya kwanza mtazamaji anashangaa pamoja na Deckard, basi.

Mara ya pili unamwangalia yeye. Unaona kwamba ile baridi ni ya mtu aliyeanza kuwa na wasiwasi na hataki uonekane. Baadaye anakwenda mpaka nyumbani kwa Deckard na picha mkononi, yeye mtoto pamoja na mama yake, ili aonyeshe kwamba alikuwa mtoto. Deckard, ambaye amechoka na hana adabu, anamsimulia mambo ya utoto wake, hata lile la buibui aliyetaga nje ya dirisha, jambo ambalo Rachael hajamwambia mtu yeyote. Anamwambia kwamba kumbukumbu hizo si zake, ni za mtoto wa ndugu ya Tyrell, amewekewa tu. Rachael analia bila sauti. Deckard anaona amefanya vibaya, anajaribu kusema ilikuwa masihara, kiisha anakwenda kutafuta glasi ya kumpa kinywaji. Anaporudi, Rachael amekwenda, picha iko chini.

Ukijua mwisho, sehemu hiyo ni ngumu kuitazama. Na inasaidia kuelewa kitu ambacho ni rahisi kukisahau: kumrudia mtu wa filme hakumaanishi kumpenda zaidi kila mara. Deckard anapunguka. Mara ya kwanza ni shujaa, kwa sababu Harrison Ford alikuwa tayari shujaa wa Star Wars na wa Indiana Jones, na watu waliingia wakimngoja huyo. Mara ya pili mtu anaweza kuhesabu. Watu wanne wanawindwa. Deckard anawaua wawili, na wote wawili ni wanawake. Zhora anampiga risasi mgongoni akiwa anakimbia kati ya vioo. Pris anamuua katika nyumba ya Sebastian. Leon alikuwa karibu kummaliza Deckard, na ni Rachael aliyemwokoa. Roy hakuuawa na mtu, miaka yake iliisha. Kiisha ile sehemu ambapo Deckard anamzuia Rachael mlangoni na kumlazimisha aseme anamtaka: wengi waliichukua zamani kama mapenzi, na leo watazamaji wengi wanageuza uso. Picha ni zile zile. Wao njo wamebadilika.

Lakini hata Deckard haishii hapo. Kiisha kumuua Zhora ananunua chupa, mikono inamtetemeka. Anajua anachofanya, na anaendelea kukifanya. Rachael anamuuliza kama yeye mwenyewe amekwisha kupimwa na ile mashine. Jibu halitoki, Deckard amelala. Juu ya swali hilo watu wamegombana miaka arobaini. Scott amesema Deckard ni replikanti. Ford kwa muda mrefu alikataa, akisema watazamaji walihitaji binadamu mmoja wa kusimama naye.

Ugomvi huo unatoka pia kwenye matoleo. Ya 1982 ilikuwa na sauti ya Deckard akieleza mambo, na mwisho wa furaha, ambapo picha za milima kutoka juu zilikuwa mabaki ya The Shining ya Stanley Kubrick. Wakubwa wa studio waliogopa watu hawataelewa. Toleo la 1992 liliondoa ile sauti na ule mwisho, na likaongeza ndoto fupi ya farasi mwenye pembe moja. La 2007 ndilo Scott alilolimaliza mwenyewe bila kuingiliwa. Ile ndoto inaunganika na Gaff, polisi mwingine, mwenye fimbo, ambaye kila mara anakunja vikaratasi: kuku, kimtu cha kijiti, na mwisho kabisa farasi mwenye pembe moja mbele ya mlango wa Deckard. Mara ya kwanza Gaff ni mapambo tu. Anaongea lugha ya barabarani iliyochanganywa, Kihungari ndani yake pamoja na nyingine, ambayo mtu wa mashariki mwa Kongo ataielewa kama tabia hata asipoelewa neno. Mara ya pili unajua kwamba huyu, aliyekaa kimya pembeni, pengine anajua kinachoota kichwani mwa mwenzake.

Sebastian naye asipitwe. Iko na miaka 25 na ngozi ya mzee, juu ya ugonjwa unaomzeesha upesi. Daktari hakumkubalia kuhamia sayari nyingine, anaishi peke yake katika jengo tupu na pupe alizojitengenezea ili ziwe marafiki. Anawapokea Pris na Roy kwa sababu wanafanana naye: nao wanakufa upesi. Kifo chake hakionyeshwi hata kidogo, kinatajwa tu kwenye redio ya polisi, haraka haraka, na mara ya kwanza wengi hawakisikii.

Roy Batty, anayechezwa na Mholanzi Rutger Hauer, anaonekana kwanza kama mkono. Mkono unafungika polepole, umekakamaa. Mtazamaji mpya anaona ngumi ya mtu mbaya. Anayerudia anajua kwamba ni mwili unaoanza kuzimika, na kwamba Roy anauangalia mkono huo sawa vile mtu anavyoangalia saa. Kuanzia hapo kila anachofanya kinabadilika. Hakuja kuua, amekuja kuomba siku. Anapofika kwa Tyrell, katika toleo la 2007 anamwita baba. Katika toleo la 1982 ni tusi, na kwa Kiingereza maneno hayo mawili yanakaribiana kwa sauti. Tyrell anamweleza kwa utulivu kwamba haiwezekani, anamsifu, anampapasa. Roy anambusu, kiisha anamuua kwa mikono yake. Ni mauaji ya kutisha na filme haiyafichi. Lakini angalia uso wake katika asanseri akishuka: nyota ziko juu yake, zinakwenda mbali, na yeye anaogopa sawa mtoto.

Kiisha anamkuta Pris amekufa. Anamkamata Deckard, anamvunja vidole viwili, kimoja akitaja Zhora, kingine akitaja Pris. Mara ya kwanza ni mateso. Mara ya pili unatambua kwamba ametaja majina ya wale wawili tu ambao Deckard amewaua, na kwamba katika filme nzima hakuna mtu mwingine aliyewalilia. Anarudisha bunduki, anampa nafasi ya kukimbia. Mkono unapokakamaa tena anajipiga msumari kwenye kiganja ili ubaki hai dakika chache. Na Deckard anapoteleza juu ya paa, Roy anamshika na kumvuta.

Maneno ya mwisho ya Roy kwenye mvua ni machache. Yaliyoandikwa kwanza yalikuwa marefu zaidi. Hauer aliyapunguza mwenyewe na kuongeza mstari mmoja karibu na mwisho, juu aliona kwamba mtu ambaye muda wake umeisha hana nafasi ya hotuba. Wenye kuitazama kwa Kifaransa watasikia sauti ya mtu mwingine pale; kama kuna njia, sehemu hiyo isikilizwe kwa sauti ya Hauer, hata bila kuelewa Kiingereza. Hauer alikufa mwezi wa saba 2019, mwaka ule ule ambao filme ilikuwa imempangia Roy kufa.

Anayetaka kujaribu afanye hivi: aitazame mara moja kama kawaida, aache mwezi upite, kiisha achague mtu mmoja tu, Rachael au Sebastian, na asimwache kwa macho kila anapoonekana, hata pale mwingine ndiye anayeongea. Toleo la 2007 lenyewe linachukua karibu saa mbili, na sehemu nyingi ni za giza, kwa hiyo kwenye simu itazamwe usiku, taa zimezimwa, na chaji iwe imejaa mbele ya kuanza.