Maji ya Mto Katuma na Sauti ya Wananchi

Mto Katuma huanzia kwenye vilima vya Mpanda, hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na maji yake huelekea Ziwa Rukwa. Zamani ulitiririka mwaka mzima. Tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi, hata viboko wakasongamana matopeni. Sababu mojawapo kubwa ni mabanio na mifereji ya mashamba ya mpunga yaliyo juu ya hifadhi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yampa mwananchi haki ya kuarifiwa mapema na kushiriki katika maamuzi. Ile ya rasilimali za maji ya 2009 yaruhusu jumuiya za watumia maji kugawana maji na kusuluhisha migogoro.

Lakini kuketi mkutanoni hakutoshi. Yanayogombewa si maji ya masika, bali yale machache ya mwisho wa kiangazi. Hivyo yafaa vipimo vya mto visomwe hadharani kabla ya mkutano, na mkulima wa mkondo wa juu aketi pamoja na mfugaji wa mkondo wa chini. Asiyejua kiasi kilichopo hawezi kudai fungu lake.