Sura ya 7: Akiba ya Sifa

Ayubu anatajwa sana kwa jambo moja: siku alipopoteza mifugo, watumishi na watoto wake kumi, alianguka kifudifudi akalisifu jina la Bwana. Wahubiri wengi huishia hapo. Ukiendelea hadi sura ya 3 unamkuta mtu yuleyule akiilaani siku aliyozaliwa, na tangu hapo analalamika sura baada ya sura, huku rafiki zake wakimtetea Mungu kwa hoja zilizopangika vizuri. Kisha, katika sura ya 42, Mungu anawakasirikia watetezi wake hao na kutamka kwamba aliyenena yaliyo sawa ni Ayubu. Tusilipite jambo hili haraka. Kwetu mfiwa akilia kwa sauti huambiwa anyamaze amshukuru Mungu, kana kwamba machozi ni upungufu wa imani. Kitabu cha Ayubu kinalikataa wazo hilo.

Basi, ikiwa si kwa kujifanya hatuumii, sababu za kumsifu Mungu wakati wa dhiki zinapatikana wapi? Zaidi ya theluthi ya Zaburi zote 150 ni maombolezo, na nyingi kati ya hizo zina mwendo unaofanana. Mtu anamwita Mungu, anamweleza shida yake bila kuipunguza, anaomba, kisha anaingia katika sifa au anaahidi kumsifu. Msomaji hubaki akijiuliza ni nini kilichotokea hapo katikati. Katika Zaburi ya 77 tunakiona.

Asafu, mwenye zaburi hiyo, hapati usingizi. Kila akimkumbuka Mungu anaugua tu. Anauliza maswali sita mfululizo, tena makali: Je, Bwana ametutupa moja kwa moja? Rehema zake zimekwisha? Amesahau fadhili? Hajibiwi. Hakuna malaika anayeshuka, wala habari njema inayofika asubuhi. Anachofanya ni kuamua kukumbuka. Anarudi nyuma mpaka siku Waisraeli walipovushwa bahari, na zaburi iliyoanza kwa kilio inamalizika Mungu akiwaongoza watu wake kama kundi, kwa mkono wa Musa na Haruni. Shida ya Asafu hatuambiwi ilikuwa nini, wala kama ilikwisha. Sababu ya kusifu hakuikuta ndani ya usiku ule. Aliileta kutoka mbali, katika mambo aliyosimuliwa kabla hajaumia. Wahenga walisema akiba haiozi, na usiku ule Asafu alikula akiba.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na mafundisho yanayomtaka mtu auone msiba wenyewe kuwa jambo jema. Nabii Habakuki alitaja hasara moja baada ya nyingine: mtini, mizabibu, mizeituni, mashamba, kondoo, ng'ombe, yaani chakula na mali yote ya mkulima wa Yuda. Baada ya kuzihesabu ndipo akasema atamfurahia Mungu wa wokovu wake. Njaa hakuiita baraka. Na iko Zaburi ya 88, ambayo inaishia gizani bila neno hata moja la sifa. Waliokusanya Zaburi hawakuiondoa, wala hawakuibandika mstari wa faraja mwishoni. Kuna nyakati mtu hawezi kuifikia akiba yake, na sala yake inabaki kuwa sala.

Lakini wako walioifikia hata katika dhiki kubwa, kama Wakristo wa Uganda Februari 1977. Maaskofu wa Anglikana walikuwa wamemwandikia Idi Amin kupinga mauaji na maonevu. Tarehe 16 Askofu Mkuu Janani Luwum akauawa, na serikali ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Kaburi lilikuwa limechimbwa Namirembe, Kampala, lakini mwili ulipelekwa kijijini kwao Mucwini, kaskazini mwa nchi. Jumapili iliyofuata maelfu walifurika Namirembe, wakasimama kwenye kaburi tupu wakaimba. Waliimba wimbo ambao, kwa mapokeo ya kanisa lao, vijana wafia dini wa mwaka 1885 waliuimba wakati wa kuuawa kwao. Siku ile hakuna aliyelazimika kutunga kitu. Wimbo walikuwa nao tayari, wameurithi kwa waliotangulia, na hofu ya utawala ule haikuweza kuwanyang'anya.

Martin Rinkart anatufundisha jambo hilohilo kwa upande wa nyumbani. Alikuwa mchungaji wa Kilutheri mjini Eilenburg, Ujerumani, katika Vita vya Miaka Thelathini, vilivyoanza mwaka 1618. Mwaka 1637 mji ulijaa wakimbizi na tauni ikaingia. Alibaki mchungaji peke yake, akazika zaidi ya watu 4,000. Mkewe naye alikufa mwaka huo. Huyu ndiye mtunzi wa Nun danket alle Gott, wimbo wa shukrani ambao Walutheri wanauimba hadi leo. Mara nyingi husimuliwa kwamba aliutunga katikati ya tauni. Inaelekea zaidi kwamba aliutunga miaka kadhaa kabla, uwe sala ya mezani ya familia yake. Kwangu mimi habari hiyo ina nguvu kuliko ile ya kwanza: mtu aliyesimama makaburini kutwa nzima alikuwa amekwisha kujizoeza kushukuru mbele ya sahani ya kawaida, pamoja na watoto wake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ikiwa leo nyumba yako ina amani, usingoje. Mkikaa kula usiku huu, kila mmoja, na watoto wakiwamo, ataje jambo moja alilotendewa na Mungu, jambo lenye mahali na siku yake: homa iliyoshuka, ada iliyopatikana dakika ya mwisho. Liandikeni katika daftari. Na ikiwa leo unaumia, usijilazimishe kuimba. Soma Zaburi ya 77 kwa sauti mpaka mstari wa 9, umwulize Mungu maswali yale sita kana kwamba ni yako. Kisha mtafute mzee mmoja wa familia au wa kanisa, umwombe akusimulie aliyoyaona Mungu akiyatenda.