Anayeuguza Naye Auguzwe na Nani?

Mtu akifariki kwetu, hakuna anayengoja kuelekezwa la kufanya. Turubai hufungwa kabla jua halijazama, daftari la michango huzunguka, kina mama hushika jiko kwa zamu, na wafiwa hawaachwi walale peke yao. Hata ugonjwa wa ghafla tunaumudu: siku za mwanzo wodi hujaa ndugu na chupa za chai. Tunapokwama ni kwenye ugonjwa usioisha. Mzee amepigwa na kiharusi, hafi wala haponi, mwaka unapita, na nyumba iliyokuwa ikijaa watu inabaki na mmoja tu, mara nyingi binti au mkwe, ambaye hakuna tena anayemuuliza kama amelala. Ninachodai ni kwamba huyo naye yumo hatarini, na kinachomhatarisha zaidi ni kuachiwa mzigo peke yake.

Tuiangalie kazi yenyewe. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, la sivyo ngozi na nyama za kiunoni na visiginoni hufa kwa kukandamizwa, vidonda vikaanza. Uji hunyweshwa kijiko kwa kijiko akiwa ameinuliwa, maana akipaliwa uji huweza kuingia mapafuni. Bado shuka za kufua alfajiri, dawa na kliniki. Utafiti wa kiharusi uliofanyika vijijini Hai, Kilimanjaro, na mjini Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta kiwango cha wanaopatwa na kiharusi Dar es Salaam ni karibu mara tatu ya kile cha Hai. Yaani ugonjwa huu umekita zaidi mjini, ambako watu wamepanga chumba kimoja na ndugu wametawanyika.

Madhara ya kuuguza yamepimwa. Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake, huko Ohio, Marekani, waliwatia jeraha dogo mkononi wanawake 13 waliokuwa wakiuguza ndugu waliopoteza kumbukumbu, na wengine 13 wa umri wao wasiouguza mtu. Majeraha ya wenye kuuguza yalichelewa kupona kwa siku tisa hivi. Mwaka 1999 Richard Schulz na Scott Beach walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wazee wenye wenzi kwa miaka minne: waliokuwa wakiuguza huku wameelemewa walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi ya wasiouguza kwa asilimia 63. Lakini ziko takwimu zinazoelekea kwingine, na si haki kuzificha. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2013 ulikuta kwamba wenye kuuguza, kwa ujumla wao, walikufa kwa kiwango kilicho chini ya kile cha wasiouguza kwa asilimia 18. Mimi sioni mgongano hapo. Hata ule wa 1999 haukukuta hatari ya wazi kwa waliouguza bila kuelemewa. Kumtunza umpendaye hakuui. Kuelemewa ndiko kunakoumiza.

Wapo watakaosema kumuuguza mzazi ni kutafuta radhi, na radhi haigawanywi. Ni neno zito, nami naliheshimu, ila mzazi mwenye watoto watano ana watano wa kuitafuta. Duniani kote wanawake hufanya zaidi ya robo tatu ya kazi za kutunza watu zisizolipwa, kwa hesabu ya Shirika la Kazi Duniani ya 2018, na sijasikia dini iliyowaachia mabinti pekee radhi hiyo. Wengine huogopa siri ya nyumba kutoka nje. Stara ya mgonjwa ni haki yake. Hata hivyo jirani anayeleta chakula cha mchana, au anayekwenda kuchukua dawa, hana haja ya kufunua shuka. Na aliye Muscat au London atasema yeye hutuma pesa kila mwezi. Zinahitajika sana, kwa kuwa nepi za watu wazima ni ghali. Ila saa tisa usiku pesa haimgeuzi mgonjwa. Basi sehemu yake imlipe mtu anayeaminika, akae na mzee mchana mara mbili kwa wiki, na ndugu walio karibu wapangiane usiku, kaka wakiwemo, ili dada aliyebaki peke yake alale mpaka asubuhi.