Busia Ipi? Majina ya Kompyuta na Anwani Zake

Mtu akikuambia, "Nimefika Busia," bado hujui yuko nchi gani. Ipo Busia ya Kenya, makao makuu ya kaunti, na ipo Busia ya Uganda, makao makuu ya wilaya iliyomegwa kutoka Tororo mwaka 1997. Miji hii inagusana mpakani. Kinachoitofautisha ni jina la nchi. Mfano huu wafaa sana tunapofundisha istilahi za mitandao ya kompyuta.

Seva ya Linux huwa na jina fupi, nalo huandikwa katika faili /etc/hostname. Tuseme ni busia. Likiongezewa kikoa, huwa busia.mfano.ac.ke au busia.mfano.ac.ug, na utata huisha: ke ni Kenya, ug ni Uganda.

Hata hivyo, data haisafiri kwa majina bali kwa nambari. Mlango ambao seva hupitia kuingia mtandaoni huitwa kiolesura, na aghalabu kila kiolesura hupewa anwani yake, kwa mfano 192.168.1.10. Seva iliyounganishwa na mitandao miwili ni kama nyumba ya mpakani yenye mlango upande huu na upande ule. Kipo pia kiolesura cha ndani, lo, chenye anwani 127.0.0.1, ambacho seva hukitumia kuzungumza na nafsi yake. Amri ya ip addr huvionyesha vyote.

Je, jina hugeuzwaje kuwa anwani? Seva hufuata mpangilio ulio katika /etc/nsswitch.conf. Kwa kawaida husoma kwanza /etc/hosts, yaani orodha ya nyumbani. Isipopata jibu ndipo huuliza seva ya majina iliyotajwa katika /etc/resolv.conf. Hapa ndipo penye hatari. Tuseme seva ya chuo imehamishwa kutoka Tororo hadi Busia na kupewa anwani mpya, lakini mstari wa zamani umebaki katika /etc/hosts ya kompyuta ya ofisini. Alama za mitihani zitatumwa kwenye anwani ya zamani, pengine kwa mashine nyingine iliyoirithi, na seva ya majina haitaulizwa. Andika getent hosts busia uone jibu kabla ya kuulaumu mtandao.

Mwalimu wa lugha naye ana kazi yake. Wapo wanaosema "jina la mwenyeji". Lakini kwetu mwenyeji ni mtu wa mahali, apokeaye wageni, ilhali hata kompyuta isiyopokea mgeni yeyote ina jina hilo. "Jina la kompyuta" laeleweka upesi zaidi. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulithibitisha kwamba Kiswahili chaweza kubeba dhana hizi. Lililobaki ni sisi kuchagua maneno yasiyompoteza mwanafunzi njiani. Anapotaja jina tupu, tumwulize: Busia ipi?