KOMPYUTA YA GEMU KWA PESA KIDOGO: PIMA SANDUKU KABLA YA KUNUNUA KADI



Katika mkutano wa kikundi kimoja cha akina mama, mwanachama mmoja aliomba mkopo wa shilingi 9,000. Alipoulizwa ni wa nini, alisema kijana wake anataka kuiongezea nguvu kompyuta ya nyumbani ili iweze kucheza gemu. Watu wakacheka. "Ati gemu? Si afadhali mbuzi?"

Lakini yule mama alijieleza vizuri. Kijana amemaliza shule, hana kazi, na kila jioni anaenda sokoni kulipa pesa ili acheze katika chumba cha mtu mwingine. Nyumbani iko kompyuta ya mtumba iliyotoka ofisini. Ikiongezwa nguvu, atacheza pale pale mamake akimwona, na wenzake watatoa kitu kidogo. Mimi nilikuwa katika mkutano huo, nikasema mpango ni mzuri. Mkopo ukatolewa.

Kijana akaenda mjini akanunua kadi ya michoro iliyotumika, aina ya RX 580, kwa sababu rafiki yake alimwambia hiyo ndiyo kali. Alipofika nyumbani kadi ilikataa kuingia. Sanduku la kompyuta ni jembamba, na kadi ni kubwa. Tena ilitaka waya wake wa stima, na kompyuta haikuwa na waya kama huo. Mama na kijana wakarudi dukani. Mwenye duka akawaambia, "Mama, kitu kikitoka hapa hakirudi." Basi kadi ikakaa kabatini imefungwa kwa gazeti, na mama akaendelea kulipa mkopo kila wiki kwa pesa za mboga.

Mtu anaweza kusema, "Mnaona? Hayo ndiyo matunda ya gemu." Lakini kosa halikuwa gemu. Kosa lilikuwa kwamba hakuna aliyefungua sanduku na kupima kabla ya pesa kutoka. Mimi niliyeunga mkono sikujua hata la kuuliza. Baadaye nilikaa na mafundi nikauliza, na haya ndiyo niliyojifunza. Mwenye kuuliza njia hapotei.

Ndani ya sanduku kuna nini?

Fikiria jiko la shule. Prosesa ni mpishi: ndiye anayefanya hesabu zote. RAM ni meza ya mpishi: ikiwa ndogo, kila mara inabidi arudi ghalani. Diski ni ghala: vitu vyote vinawekwa humo hata stima ikizimwa. Pawasaplai ni kile kisanduku cha bati kinachopokea stima kutoka ukutani na kuwagawia wengine. Madabodi ni ule ubao mkubwa ambao vyote hivi vimepachikwa juu yake.

Kazi ya barua na hesabu za kikundi haihitaji zaidi ya hapo. Gemu ni jambo lingine. Skrini ya kawaida ya siku hizi ina vidoti 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani zaidi ya milioni mbili. Ili mpira uonekane ukienda bila kukwama, picha nzima inachorwa upya kama mara 60 kwa sekunde moja. Hiyo ni zaidi ya vidoti milioni 120 kila sekunde. Mpishi peke yake hawezi. Ndiyo maana kuna kadi ya michoro, ambayo kazi yake kubwa ni kuchora.

Kwa nini kompyuta ya ofisi?

Kompyuta mpya ya gemu ni ghali sana. Lakini makampuni na ofisi za Ulaya na kwingineko hubadilisha kompyuta baada ya miaka michache, na zile za zamani huletwa kwetu. Utaziona madukani: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni imara, na spea zake hupatikana. Kwa mwenye mfuko mdogo, hapa ndipo pa kuanzia.

Ziko za maumbo matatu, na hili ndilo jambo ambalo lingemwokoa yule mama:

1. Mnara. Ni sanduku refu lenye nafasi. Kadi nyingi huingia.
2. Sanduku jembamba. Huingia tu kadi za kimo kifupi, zenye kibati kifupi upande wa nyuma.
3. Ndogo kabisa, kama kitabu kinene. Haichukui kadi ya kawaida. Mwenye kutaka gemu aiache.

Muuzaji atakusifia ile nyembamba kwa sababu haichukui nafasi mezani. Wewe tafuta mnara.

Kisha soma nambari ya prosesa. Watu wengi hudanganyika na neno i7, wakidhani ni lazima ishinde i5. Si kweli. Tazama tarakimu zinazofuata. Core i5-3470 ni ya kizazi cha tatu, mwaka 2012. Core i5-8400 ni ya kizazi cha nane, mwaka 2017. Core i7-2600 ni ya kizazi cha pili, mwaka 2011, ina wapishi wanne ndani yake, na ile i5-8400 ina sita. Hapo i5 inaishinda i7 bila shida.

Kizazi cha nane kina faida nyingine. Windows 10 iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu. Kama una kompyuta ya zamani zaidi, usiitupe. Unaweza kuweka Linux, ambayo ni ya bure. Tangu mwaka 2018 duka la gemu la Steam lina programu iitwayo Proton, inayowezesha gemu nyingi za Windows kuchezwa kwenye Linux. Si zote lakini. Baadhi ya gemu za kushindana kwa intaneti hukataa, kwa hivyo uliza kwanza.

Anza na gemu, si na kadi

Mwambie kijana aandike kwenye karatasi majina ya gemu tatu anazotaka hasa. Kila gemu hutangaza mahitaji yake: prosesa gani, RAM kiasi gani, kadi gani, nafasi gani kwenye diski. Kuna orodha mbili, ya chini kabisa na ile inayopendekezwa. Msomee pamoja. Gemu nyingi nzuri ni za miaka iliyopita. Euro Truck Simulator 2 ni ya mwaka 2012, na GTA V ilifika kwenye kompyuta mwaka 2015. Kijana akitaka hizo, hakuna haja ya kadi ya mfalme. Akitaka gemu iliyotoka jana, mwambie ukweli: kompyuta ya namna hii haitaiweza, na pesa kidogo haziwezi kubadilisha hilo.

Utaratibu wa kuongeza nguvu

Haba na haba hujaza kibaba. Usinunue vyote siku moja. Nunua kimoja, kipachike, jaribu, ndipo uende kwa kingine.

Kwanza, SSD. Hii ni diski isiyo na sahani inayozunguka ndani. Kompyuta iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka sasa itawaka kwa muda mfupi, na gemu itafunguka upesi. Lakini jua kwamba SSD haiongezi uwezo wa kuchora. Gemu ikianza, kasi ya picha itakuwa karibu ile ile.

Pili, RAM. Kwa gemu, GB 8 ni kiwango cha chini, na GB 16 ni vizuri. Vipande viwili vinavyofanana hufanya kazi vizuri kuliko kimoja kikubwa, hasa kama kompyuta haina kadi ya michoro. Angalia aina: DDR3 haiingii mahali pa DDR4, hata ukisukuma kwa nguvu utavunja tu. Beba kipande cha zamani uende nacho dukani. Na ulizia bei katika maduka matatu, kwa maana mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya RAM ilipanda sana duniani, kwa sababu viwanda vilielekea kuhudumia zile kompyuta kubwa za akili bandia. Hapa kipande cha mtumba kilichojaribiwa kinaweza kukuokoa.

Tatu, kadi ya michoro. Hapa shika nambari moja tu kichwani: wati 75. Nafasi ambamo kadi inapachikwa kwenye madabodi inaweza kutoa stima isiyozidi wati 75. Kadi inayokula zaidi ya hapo lazima ipate waya wake kutoka pawasaplai, na kompyuta nyingi za ofisi hazina waya huo. Ile RX 580 ya kijana wetu inakula kama wati 185. Pawasaplai ya Dell OptiPlex 7010 nyembamba, kwa mfano, ni ya wati 240 kwa kompyuta nzima. Ni kama kufunga mashine ya posho kwenye waya wa balbu.

Mtu akikwambia, "Si ubadilishe pawasaplai tu," mwulize fundi kwanza. Kompyuta nyingi za ofisi zina plagi zake za ndani ambazo hazilingani na pawasaplai za kawaida.

Kadi zisizohitaji waya ni kama hizi: GT 1030 inakula wati 30, GTX 750 Ti wati 60, na GTX 1050 Ti ya kawaida wati 75. Ya mwisho ndiyo yenye nguvu zaidi kati ya hizo tatu. Zote zimetengenezwa pia kwa kimo kifupi, kwa hivyo mwenye sanduku jembamba hajakosa njia. Lakini kuwa macho na GT 1030. Iko yenye kumbukumbu ya GDDR5, na iko ya DDR4 iliyotoka mwaka 2018. Jina ni moja, lakini ya DDR4 ni dhaifu sana. Soma kwenye boksi au uliza.

Siku ya kununua

Nenda na mtu anayejua, na mfanye haya:

- Chukueni vipimo vya nafasi iliyo ndani ya sanduku, urefu na kimo, kwa rula. Viandikeni.
- Andikeni namba ya kompyuta na wati zilizoandikwa kwenye pawasaplai.
- Mkifika dukani, mwombe muuzaji aipachike kadi na kuwasha gemu kwa nusu saa. Sikilizeni kama feni inalia, tazameni kama picha inaleta mistari.
- Jaribuni kwa programu ya bure iitwayo GPU-Z. Ziko kadi za zamani zilizobadilishwa jina ili zionekane kubwa, na programu hii inaweza kuzitambua nyingi.
- Chukueni risiti yenye jina la kadi na siku za waranti. Muuzaji akikataa kuandika, pesa zirudi mfukoni.

Kama nyumbani kuna televisheni yenye tundu la HDMI, hakuna haraka ya kununua skrini. Ila angalieni tundu la nyuma ya kompyuta. Nyingi za ofisi zina DisplayPort, na hiyo itahitaji waya wa kugeuza.

Gharama ya stima nayo ipigiwe hesabu. Tuseme kompyuta na skrini zinakula wati 150 wakati wa kucheza. Kwa saa nne ni wati 600 za saa, yaani zaidi kidogo ya nusu yuniti kila jioni. Kwa mwezi ni kama yuniti 18. Wanaotoa kitu kidogo ili wacheze, je, kinatosha kununua tokeni? Na kile kisola kidogo cha taa na simu hakiwezi kazi hii. Mahali ambapo stima hukatika na kurudi kwa nguvu, nunueni kilinda stima, na mzime kabisa ikikatika.

Mwisho wa kadi ile

Yule mama hakukata tamaa. Alimpata mwenye chumba cha gemu mjini ambaye ana mnara wenye waya unaotakiwa, akamwuzia RX 580 kwa shilingi 6,000. Kwa pesa hizo, kijana na fundi walipima sanduku, wakanunua GT 1030 ya kimo kifupi, ile ya GDDR5. Iliingia mara ya kwanza. Si kadi kali, na kijana amepunguza uzuri wa picha ili gemu ya kandanda iende bila kukwama. Lakini inaenda. Shilingi 3,000 zilipotea, na mkopo aliumaliza.

Kikundi nacho kilipata sheria mpya. Mwenye kuomba mkopo wa kununua sehemu ya mashine yoyote, iwe kompyuta, cherehani au pampu, huleta mkutanoni jina la mashine aliyo nayo, vipimo vyake, na jina la fundi aliyeikagua. Hakuna anayecheka siku hizi neno gemu likitajwa. Swali la kwanza ni, "Umepima?"

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Je, kuna mwanachama aliyewahi kununua spea isiyoingia kwenye mashine yake? Nini kingeweza kuzuia hasara hiyo?
2. Vijana wetu hutumia pesa ngapi kwa mwezi katika vyumba vya gemu? Zingenunua nini kwa miezi sita?
3. Ni nani hapa kwetu, fundi au kijana, anayeweza kutuonyesha ndani ya kompyuta iliyofunguliwa?
4. Kompyuta ikicheza gemu jioni, mchana inaweza kufanya kazi gani ya kikundi?